Geti Halihami

Huu mwezi wa tatu, kila Ijumaa asubuhi nasimama nje ya geti la nyumba ambayo si yangu tena. Mlinzi wa pale alianza kwa kunisalimia. Siku hizi akiniona anaingia ndani.

Anadhani nimechanganyikiwa. Simlaumu.

Naitwa Tumu, mtoto wa Tanga, msusi, nina kiti changu saluni moja ya Kensington, hapa Johannesburg. Naomba msinitukane mapema. Mkifika mwisho mtanitukana vizuri.

Nyumba iko Troyeville. Mimi na mume wangu Alexis, Mrundi, tulikuwa tunailipia benki mwaka wa saba. Alexis alikuwa mlinzi, akavunjika goti, kazi ikaishia hapo. Kusuka peke yake hakulipi nyumba. Tukaona kuliko kusubiri mnada na kutolewa vyombo barabarani majirani wakiangalia, twende wenyewe tukairudishe.

Benki wakakubali. Sharti likawa moja: Ijumaa saa nne wakute nyumba tupu. Wakikuta mtu anaishi humo, hata mmoja, makubaliano yamekufa. Tunakwenda mahakamani, nyumba inapigwa mnada, na deni linalobaki linatufuata sisi.

Sasa kimbembe. Chumba cha nyuma alikuwa anakaa Mama Masika.

Mama wa watu kutoka Butembo, Kongo. Vita vilimtenganisha na mwanawe, Exaucé, akiwa na miaka kumi na mbili. Mwaka wa tisa huo anamtafuta, na kila siku akipika anapakua sahani ya pili, anaifunika.

Hajui kuandika. Mimi ndiye niliyekuwa namwandikia vikaratasi: jina lake, mtaa, namba ya nyumba, "chumba cha nyuma". Kila dereva wa lori anayekwenda Zambia, kila mfanyabiashara anayerudi Kongo, anapewa kimoja.

Na wazo lilikuwa langu. Nilimwambia, "Mama, simu Joburg zinaibwa kila siku. Wape namba ya nyumba. Geti halihami."

Mdomo huponza kichwa.

Nilipomweleza habari ya benki alinisikiliza mpaka mwisho, huku anachambua sombe yake, kisamvu kwa sisi wa Tanga. Akasema yeye hatoki. Nikamtafutia chumba mtaa wa Bertrams, akakataa. Alexis akamsihi na goti lake bovu, akakataa. Hakugomba na mtu. Alisema tu mtoto akija atagonga hapa, hatagonga Bertrams.

Jumanne akanisimulia ndoto. Mimi huniita kwa jina la mwanangu.

"Mama Fiona, nimemuota Exaucé anagonga geti. Wewe njo ulienda kumuangalia."

"Nikamfungulia?"

"Sijui. Nikaamuka."

Siku ile nilisuka vichwa viwili, vyote nikakosea.

Alhamisi asubuhi, eish, nikafanya nilichofanya. Niliingia chumbani kwake na simu mkononi, nikamwambia kuna Mkongo wa Durban kanipigia, kamwona Exaucé sokoni kule.

Uongo mtupu. Hakuna aliyepiga. Hesabu yangu ilikuwa atazunguka wiki mbili, atarudi, sisi tumeshamalizana na benki, nami nitamwomba radhi.

Hakuniuliza hata swali moja. Alifunga mizigo kwa furaha. Nikampeleka mwenyewe Park Station, nikamkatia tiketi. Kabla ya kupanda basi alinishika kichwa kwa mikono miwili.

"Mungu akulipe vile umenitendea, Mama Fiona."

Nikaitikia amina.

Ijumaa saa nne kamili mtu wa benki akafika na fundi wa kufuli. Alikagua chumba kwa chumba, anapiga picha. Chumba cha nyuma akakuta sahani mezani, imefunikwa. Akafunua. Ugali na sombe, vya jana. Akauliza nani anakula humu. Nikasema ni mimi. Akaniangalia sana.

Ndipo geti likagongwa.

Akauliza kama kuna mtu bado anakaa hapa. Nikasema hakuna, nikakimbia getini. Nje amesimama kijana mrefu, ndevu, begi mgongoni, amechoka mpaka macho. Mkononi ana kikaratasi.

"Jambo, mama. Ni hapa Mama Masika anakaa?"

Wa vikaratasi walishakuja wengi. Wengine wanaleta salamu, wengine wanatafuta pa kulala, na mmoja alijifanya ndiye Exaucé akatulia wiki nzima. Nyuma yangu nasikia viatu vya mtu wa benki vinakuja.

"Hakuna Masika hapa," nikasema. "Umepotea."

Akatazama namba ya ukutani, akatazama karatasi, akanitazama mimi. Akasema aksanti mama. Nikafunga geti kabla hajageuka.

Mtu wa benki akasaini, nasi tukasaini. Akapokea funguo, akasema sharp, fundi akabadilisha kufuli. Alexis alilia waziwazi. Mimi nilikuwa na furaha, na sitawadanganya kuhusu hilo.

Tunatoka nje, nikaona kikaratasi kimechomekwa kwenye geti. Mwandiko wangu. Nikakigeuza.

Nyuma kumeandikwa kwa kalamu: "Mama, nilifika. Exaucé."

Hakuna namba ya simu. Tapeli hamwandikii mama ambaye hayupo, nililijua hilo palepale. Nilikimbia hadi robot ya chini, kwenye taa za barabarani, nikauliza kila spaza, kila kiduka, nikapanda Bertrams, nikarudi. Hakuna aliyemwona.

Mama Masika hunipigia kila Jumapili. Bado yuko Durban, anauza mboga katika soko lilelile nililolitunga, anasema atamngoja huko. Kila akikata simu ananiombea ile dua yake. Jumapili hii akipiga namwambia yote. Niliapa hivyo hata Jumapili iliyopita.

Ndugu zangu, ukishindwa na nyumba, irudishe, si aibu. Lakini benki wakitaka nyumba tupu, jiulize unautoa wapi huo utupu, na nani anaulipia.

Na wewe Exaucé, kama haya yatakufikia: mama yako yuko hai, yuko Durban. Mimi niko pale getini kila Ijumaa kuanzia saa nne.

Hukupotea, mwanangu. Ulifika.