Kidonge Kimoja, Usiku, Kabla ya Kulala

Siku yangu ya kwanza kwenye dirisha la dawa, Mganga Mfawidhi, yaani daktari mkuu wa kituo, alinirudishia bahasha zote nilizokuwa nimeziandika tangu asubuhi. Alizimwaga mezani kama mtu anayemwaga mchele wenye mawe.

"Hii moja mara mbili, moja mara tatu, ndiyo nini? Mgonjwa wako amesomea ufamasia?"

"Ndivyo tulivyofundishwa chuoni, Mganga."

"Chuoni kwenu hakuna wagonjwa! Andika Kiswahili, binti. Andika kama unamwandikia mama yako kule Buzebazeba."

Mama yangu alikuwa hajui kusoma, lakini sikuthubutu kumwambia. Tangu siku hiyo nikaandika kwa maneno, kwa mwandiko wa kupendeza, na nikajivunia mwandiko huo miaka yote ya kazi. Nyie vijana mnaobandika karatasi za mashine mtanicheka. Chekeni tu.

Dirisha hilo la kwanza lilikuwa mjini Kigoma, nikapelekwa zahanati moja ya kando ya ziwa ambako mitumbwi ndiyo ilikuwa barabara, kisha nikarudishwa kliniki ya Ujiji. Wakati huo mgonjwa wa Ukimwi tulikuwa tunampa Panadoli na pole. Dawa za kufubaza virusi zilipofika, Mratibu wa wilaya alituita semina, akatufundisha siku tatu huku nusu ya wenzangu wanasinzia. Mimi sikusinzia. Nilikuwa nimezika wengi mno.

Nitawaeleza kama nilivyokuwa nikiwaeleza wagonjwa. Kirusi hakina jiko lake. Kinaingia kwenye chembe nyeupe ya damu, ambayo ndiyo mlinzi wa mwili, kinateka sufuria na kuni za mwenye nyumba, kinapika virusi wenzake maelfu, kisha chembe inakufa. Dawa haikiui kile kilichokwisha kujificha. Dawa inafunga jiko. Ndiyo maana ukiacha kumeza, jiko linafunguliwa upya, hata kama jana ulikuwa mzima unacheza mpira. Na ukimeza leo ukaacha kesho, ndiyo balaa kubwa zaidi. Kidonge kimoja kina dawa tatu ndani yake, na hazitoki mwilini pamoja. Mbili hutoka mapema, ya tatu hubaki peke yake siku kadhaa, na virusi hupata nafasi ya kuizoea. Huo ndio usugu. Dawa ikishazoewa, unaweza kumeza gunia zima na usipone kitu.

Halafu kuna maudhi. Kitabu cha semina kiliandika "maudhi madogo madogo ya dawa". Madogo kwa nani? Hilo neno lilinikera tangu siku ya kwanza. Dawa moja ya zamani iliwachoma watu nyayo kama wanakanyaga makaa, ikawabonyeza mashavu mpaka majirani wakajua. Nyingine ilipunguza damu, nyingine ilitoa upele mwili mzima. Na ile efavirenzi, iliyokuwa ndani ya kidonge tulichotoa zaidi, ilileta kizunguzungu na ndoto za ajabu. Mzee mmoja wa Kasingirima alinijia amefura, eti kila usiku anaota anafunga ndoa na mama mkwe wake. Kwa sababu ya kizunguzungu hicho, agizo lilikuwa moja nchi nzima, nami niliandika kwa mwandiko wangu mzuri: Kidonge kimoja, usiku, kabla ya kulala.

Mimi ni mkali. Sikatai. Mtu akija siku mbili baada ya tarehe yake, dirisha zima lilijua. "Hizi dawa unadhani zinaota kama mihogo?" Akirudisha vidonge vilivyobaki, namhesabia mbele yake, namgombeza mpaka anainama. Metroni, muuguzi mkuu wetu, aliniambia mara nyingi, "Mwenzangu, punguza ulimi." Nikamjibu, "Nikipunguza ulimi watapunguza dawa." Nilijiona nimesema la maana kweli.

Yusufu alikuwa mvuvi wa dagaa wa Katonga. Alikuja mpaka Ujiji kuchukua dawa ili watu wa mwaloni kwao, pale mitumbwi inaposhusha samaki, wasimwone. Mtu mpole, mwenye mikono mikubwa, aliyesema kila mara, "Shikamoo dada," na kisha kusikiliza somo langu lote bila kuuliza. Siku aliyoanza dawa alisema jambo moja tu. "Nina binti, Riziki, yuko la kwanza. Nataka nimfikishe la saba."

"Ukimeza hivi nilivyoandika, utamfikisha hata chuo," nikamwambia. Nilimwahidi hivyohivyo, waziwazi.

Kila alipokuja hakuwa na kidonge kilichobaki. Namuuliza, "Una maudhi yoyote?" huku nimeshika kalamu na foleni imefika mlangoni. Anajibu, "Hakuna, dada." Nikawa namtolea mfano kwa wengine. "Muoneni Baba Riziki! Anatoka Katonga, hakosi, habakizi!" Yeye anatazama chini. Nilidhani ni aibu ya kusifiwa.

Riziki alipoingia la nne, Yusufu akaanza kukonda. Akakohoa. Kipimo cha wingi wa virusi kilipelekwa maabara ya mbali, majibu yakachelewa, na yalipofika Mganga Mfawidhi aliniita ofisini. Huyu alikuwa mpya, kijana, mwenye adabu.

"Mama, virusi viko juu sana. Huyu hamezi."

"Anameza! Huyo ndiye mgonjwa wangu bora!"

"Basi muulize taratibu. Taratibu, mama."

Nilimkalisha Yusufu kwenye benchi nyuma ya stoo. Nikamwuliza bila kalamu mkononi, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza.

"Dada, mimi nafuata ulivyoandika," alisema. "Usiku kabla ya kulala. Lakini wakati wa giza usiku silali."

Mimi mtu wa Kigoma! Nimekula dagaa tangu sijaota meno. Nani hapa hajui kwamba dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza, usiku kucha, na kwamba mwezi ukiwa mkubwa taa haziwavuti, wavuvi wakakaa nyumbani wakitengeneza nyavu? Siku za mbalamwezi Yusufu alikuwa analala kama watu wengine, akameza. Giza likirudi, akaacha.

"Mwezi wa kwanza nilimeza nikaingia ziwani," akaendelea. "Kizunguzungu kikanipiga, nikaanguka majini na taa mkononi. Wenzangu walinivuta kwa shati. Nikasema basi, hii ni ya mbalamwezi."

"Na vile vilivyobaki?"

"Viko nyumbani, kwenye kopo."

"Kwa nini hukuniambia, Yusufu? Nilikuuliza kila mara!"

Alicheka kidogo, akakohoa. "Ungegomba, dada."

Mawe, mama wee! Nilimlilia mama yangu kwa Kiha kama mtoto. Nilikuwa na hasira naye, na hasira na semina, na kile kitabu cha maudhi madogo madogo, lakini kubwa zaidi ilikuwa na mimi mwenyewe. Dawa ilikuwepo, na saa ya kuimeza ilikuwepo. Angeweza kumeza saa mbili asubuhi kila siku, giza na mbalamwezi, akishatoka ziwani na kujinyoosha kitandani. Ilitakiwa nimwulize kitu kimoja: unalala saa ngapi? Mfanyakazi wa ofisi ndiye aliyekuwa kichwani mwangu nilipoandika ile bahasha. Katonga nzima haina mfanyakazi wa ofisi.

Tulimbadilishia dawa za daraja la pili. Kifua kikuu kilikuwa kimeshatangulia. Yusufu alifariki masika yale, Riziki yuko la nne.

Baada ya arobaini mkewe alikuja dirishani na kopo la maziwa ya unga. "Alisema ulikataza dawa kutupwa," akaniambia. Ndani kulikuwa na vidonge vya magiza yote, vikiwa kwenye bahasha zangu, zimepangwa vizuri. Mwandiko ulikuwa wa kupendeza kweli. Nilipokea kopo, nikamwambia asante, nikashindwa kuendelea na kazi siku ile.

Kuanzia hapo, kabla ya kuandika chochote, niliuliza: kazi yako nini, unalala saa ngapi, unakula saa ngapi. Foleni ikawa ndefu, Mratibu akalalamika, nikamwambia aje akae dirishani yeye. Ulimi sikuupunguza wote. Nilijifunza kuuhamishia kwa wakubwa.

Sasa nimestaafu, na mimi nakaa foleni ya vidonge vyangu vya presha. Wiki iliyopita mbele yangu alisimama baba mmoja ananukia dagaa. Sijui alipewa dawa gani, na si kazi yangu kujua. Kijana wa dirishani alibandika karatasi ya mashine bila kuinua kichwa, akasema, "Kimoja usiku. Anayefuata!"

"Baba," nikamwuliza yule mtu, "giza linaanza lini?"

"Jumamosi, mama."

"Na giza unalala saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi hivi, mzigo ukishauzwa."

Kijana akanitazama. "Bibi, tafadhali, subiri zamu yako."

"Nasubiri," nikamwambia. "Lakini chukua tena bahasha ya huyu, umwulize nilichomwuliza sasa hivi, ndipo uandike. Kwa mkono."