Nilichemsha Utafiti wa Tata Kabeya

Municheke tu, ninastahili. Siku zile batu ba Kasai balifukuzwa Kolwezi, bosi wangu wa maabara, Tata Kabeya, naye mumoja wabo, alingojea treni ku gare, ile stesheni, na batoto bake, njaa ikibauma. Akanituma nilete mahindi yake ya utafiti. Alikuwa akichora ramani ya ncha za kromosomu, nyuzi za urithi zilizo ndani ya mbegu.

Mi najua mbegu ya kupanda inatoka katikati ya hindi. Lakini yeye anataka ncha! Nikapukuchua ncha za mahindi tu, nikazitia mu mufuko, za katikati nikachemshia batoto.

Bakiwa bameshiba, akafungua mufuko.

“Mama Ngoie, katikati iko wapi?”

“Mu tumbo ya batoto, tata.”

Akacheka, Mungu amubariki, mpaka machozi.

“Kila punje iko na ncha zote za kromosomu, mama, hata hizi. Kazi yangu iko, na batoto bamekula. Aksanti.”