Mbuzi Waliokunywa Pombe ya Amani

Mimi sipigani. Niite kuku ukitaka, mke wangu ameshaniita, na kuku wenyewe walikasirika. Ila sipigani, na sababu yake ni mlango.

Wakati ule watu wanavuka kutoka Burundi kukimbia vita, nilikuwa Munanila kwa shangazi yangu, namsaidia kupalilia. Watu wanapita njiani wengi kama siafu, kimya, hata mbwa wa pale waliona aibu kubweka. Katikati yao akaja mzee amebeba mlango kichwani. Mlango mzima, na bawaba zake. Shangazi akamuuliza, "Mzee wangu, unaenda wapi na mlango?"

"Nyumba imeungua, mama. Huu ulibaki." Akatoa ufunguo mfukoni. "Na ufunguo ninao."

Mimi nikacheka. Kisha nikaona yeye hacheki. Siku hiyo nikasema moyoni, mimi na panga tutaonana kwenye migomba tu.

Rahisi kusema. Nilikuwa bado sijapata jirani.

Jirani yangu hapa Murungu ana mbuzi sita. Sita ukiwahesabu, lakini kwa kula ni mia nane. Maharage yangu, chakula cha watoto mpaka mvua nyingine, wakayaingilia yakiwa na maua. Nikaenda kwake. "Jirani, mbuzi." Akasema, "Mbuzi hawajui mpaka." Nikarudi tena. "Jirani, mbuzi wako." "Nimeshawaambia." Mara tano nimekwenda! Njia ya kwenda kwake imechimbika kama mtaro kwa miguu yangu.

Mke wangu akachoka, akaita kaka zake kutoka Nyakitonto. Wakashuka kwenye basi watatu, vifua kama maghala, mapanga yamenolewa unaweza kunyolea ndevu.

"Shemeji," mkubwa wao akaniambia, "wewe kaa ndani unywe uji. Sisi tunaenda kuongea naye."

"Kuongea na mapanga?"

"Panga litaanza, sisi tutamalizia."

Nikawazuia mlangoni. Nikawaambia, nipeni wiki moja. Kwetu ugomvi haumalizwi kwa mdomo mkavu. Unakamua pombe ya ndizi, unamwita mwenzako, mnaweka mtungi mmoja katikati, mirija miwili. Mwenye pombe anaonja kwanza, ijulikane haina sumu. Mwenzako akishika mrija, yameisha. Akiukataa, kila mtu anajua bado ana vita. Kosa langu lilikuwa kwenda mara tano mikono mitupu, kama mtu wa kuandikisha sensa. Mashemeji wakakubali. Si kwa ajili ya amani, kwa ajili ya pombe.

Wiki hiyo walikula ugali wa kutosha kambi nzima ya wakimbizi. Mbuzi wanakula maharage, mashemeji wanakula unga. Mimi vita ingenimaliza, na amani nayo ikawa inanimaliza vilevile.

Nikaivisha ndizi shimoni. Nikazikamua na majani kwenye mtumbwi wa kukamulia, mgongo ukalia kama kiti cha zamani. Nikatia mtama uliosagwa, nikafunika na majani ya migomba, nikaacha ichachuke.

Asubuhi ya siku yenyewe nikaenda kufunua. Mtumbwi mkavu. Mbuzi watano wamelala kuuzunguka, miguu huku na huku, mmoja anakoroma kama trekta. Beberu peke yake amesimama, anaugombeza mgomba.

Jirani akaja mbio, panga mkononi. "Umewapa sumu! Umeniulia mbuzi wangu!"

Nyuma yangu mashemeji wakainuka, mapanga juu. Mke wangu kashika mchi. Nikajiona kabisa nina mlango wangu kichwani, nauliza watu njia ya kwenda Kasulu.

Yebabawe, nilichukia! Nikakaa chini kwenye matope, katikati yao. "Haya, uaneni! Wiki nzima natengeneza amani, mbuzi wameinywa yote, na nyie bado mna kiu! Nani atabeba mlango? Semeni, niung'oe sasa hivi!"

Beberu akaacha mgomba, akaja kwa kona tatu, akaanguka miguuni kwa jirani na kucheua. Jirani akainama, akamnusa mdomo.

"Hii ni pombe."

"Ilikuwa yako," nikasema. "Ya kukuitia."

"Mimi? Ulinikamulia mimi?"

"Sasa nimkamulie nani? Anayelisha mbuzi kwa maharage yangu ni wewe!"

Akatazama mtumbwi, akaweka panga chini. "Imebaki hata kidogo?"

Chini kabisa, chini ya machicha, ilibaki kikombe kimoja hivi. Mrija mmoja mbuzi walishautafuna. Nikaonja mimi kwanza, kama desturi, nikampa. Akavuta, akakunja uso. "Mbaya," akasema. Akavuta tena.

Mashemeji, waliokuja kuua mtu, wakabeba mbuzi mabegani mpaka kwake, wanatukana njia nzima kwa sababu hawakuonja hata tone. Jirani akajenga zizi. Maharage machache yakachipua. Lakini beberu ameshajua ladha: nikikamua tu, anaruka zizi kama askari.

Mlango wangu upo kwenye bawaba zake. Ukiufungua unalia, na mke wangu kila siku, "Baba watoto, utie mafuta!" Nitautia. Kwa sasa namkimbiza beberu.