Picha ya Baba Mkwe

Simu yangu iliingia maji nikichuma chai Kyimo, ikafa papo hapo. Ndipo nikaamua kununua kamera: ndogo, ngumu, isiyoogopa mvua. Sababu ilikuwa moja. Baba mkwe wangu alikuwa ametoka kuugua kifua, na picha yake pekee ilikuwa ile ya kitambulisho, katoa macho kama kakamatwa. Nilitaka wanangu wawe na picha yake nzuri angali hai. Mume wangu nilishamkatia tamaa. Picha anazopiga yeye, watu hawana vichwa.

Basi nikajifanya mtaalamu. Kamera za kuchagua zilikuwa tatu, zinafanana kama ndizi za chane moja. Kila nikipata nafasi nazilinganisha kwenye simu ya mume wangu, mpaka akaniuliza, “Mama, unachagua kamera au mkwe?” Hii inazama mita kumi na tano, ile inazidi. Jamani, mimi hata kuogelea sijui! Hii ikianguka haipasuki, ile inavumilia barafu. Muuza duka wa Tukuyu nilimhoji habari za barafu mpaka akaniaga kwenda kuswali, na aliporudi akanikuta nimesimama palepale. Nikachukua inayozama zaidi.

Sasa, kwetu mkamwana na baba mkwe hawaonani. Wengi siku hizi wameiacha mila hiyo. Mzee wangu hajaacha. Nikisikia anakohoa njiani, naingia migombani. Tangu niolewe namjua kwa kikohozi na kwa mgongo. Na mimi na akili zangu zote, katika kulinganisha kote kule, sikuuliza kama hiyo kamera inaweza kuvuta mtu wa mbali.

Nikajibanza migombani, mvua inanyesha, mzee kaketi barazani kaelekea kwingine. Nikapiga. Jani la mgomba lilitoka safi, matone yote yanaonekana. Mzee alitoka kama punje ya maharage.

Mama mkwe alipoiona alicheka mpaka akashika nguzo, kisha, bila hata kuniuliza, akampelekea mzee kamera. Nilisikia kikohozi, halafu sauti: “Huyu ni mimi au ni kuku?”

Aibu niliyoona! Nilitamani ardhi ipasuke. Mama mkwe akamweleza kwamba nataka sura yake kwa ajili ya wajukuu.

“Mwambie asogee,” mzee akasema. “Mimi nitafumba macho.”

Nikasogea. Alikuwa ameyafumba kwelikweli, uso mzima umekunjamana, huku anatabasamu. Kumbe nyusi za mume wangu zilitoka hapa. Kumbe ana kishimo shavuni, kama cha binti yangu mdogo. Nikapiga picha, nikarudia, machozi yakanitoka, nikashukuru mvua.

“Ameshamaliza?” mzee akamuuliza mama mkwe, macho bado kafumba.

Nilikuwa nimemaliza zamani. Mama mkwe akanitazama, nami nikatikisa kichwa kukataa.

“Bado,” akamjibu.