Alijibu kwa Ubaridi

Miaka ya tisini, mimi Mkenya nilikuwa karani ugenini, katika ghala moja karibu na Bugolobi. Kiingereza nilijifundisha mwenyewe kwa kamusi, na nilikuwa na daftari la maneno ya kueleza namna mtu anavyosema bila hisia: coldly, flatly, calmly. Niliyapanga kuanzia baridi kali hadi uvuguvugu. Niliona yanafanya karatasi zangu zifanane na za mtu aliyekaa chuo.

Siku moja dereva wetu, mzee Mnubi wa Kibuli, alirudisha lori nyuma akaangusha lango. Mkurugenzi aliamua kila jambo kwa karatasi, kwa hiyo niliagizwa kuchukua maelezo yake. Alisema kwa Kiswahili, nikaandika kwa Kiingereza. Aliposema lango ameliangusha yeye, nikaongeza coldly. Alipoomba radhi, nikaongeza flatly.

Nakala moja ilipelekwa palepale ofisini kwa mkurugenzi. Yangu ilibaki ikisubiri sahihi ya dereva, na kanuni ilitaka kwanza nimsomee kwa Kiswahili.

"Dereva alijibu kwa ubaridi," nikasoma.

"Ubaridi? Mimi samaki wa soko la Ggaba, nimelazwa kwenye barafu?"

"Ndivyo ulivyosema, mzee. Sauti haikupanda wala kushuka."

"Bwana Mkenya, si wewe uliyeniambia niseme neno moja moja, kalamu inifikie? Ningelia ungeandika saa ngapi?"

Nikalikata neno coldly kwa kalamu.

"Mkubwa akisoma hivyo atasema mzee huyu hajali," akaendelea. "Kesho niko nyumbani."

Nilinakili upya kurasa zote nne, kila mahali nikiacha "alisema" peke yake. Chakula cha mchana kilinipita. Akatia sahihi, nami nikapanda ghorofani.

Kwenye nakala yake, mkurugenzi alikuwa ameshapigia mstari neno coldly.

"Hakujuta?" akauliza.

"Alijuta, bwana. Alikuwa akisubiri kalamu yangu. Maneno hayo ni yangu."

Alinitazama kwa namna ambayo hata leo sina neno lake. Kisha akaniamuru niandike barua ya onyo, badala ya ile ya kumfukuza.

Hiyo nayo ilibidi nimsomee dereva. Nilipofika katikati alinyanyua mkono.

"Karani, tia ukali kidogo. Nijue nimeonywa."

Nikaanza upya, kwa ukali wote niliokuwa nao. Akasikiliza hadi mwisho, akatia sahihi, akaomba ufunguo wa lori.