Beringi Iliyovusha Kahawa ya Mama

Mwaka tuliouza punda, kahawa ya mama ilifika kiwandani kwa msaada wa beringi iliyong'olewa kwenye mkokoteni wa kuchezea. Mkokoteni ulikuwa wangu na kaka yangu Maina, na tulikuwa tumeukalia wakati beringi hiyo ilipodaiwa.

Wenzangu mliokulia kwenye miteremko ya Mukurweini mnaikumbuka mikokoteni ile: ubao wa kukalia, kamba ya katani ya kugeuzia, na beringi nne kuukuu badala ya magurudumu. Ukishuka nayo kwenye lami ya Gakindu, kelele yake ilitangulia mbele na kuku wakahama barabara wenyewe. Mama alikuwa akisema kwamba kelele ile ndiyo iliyomhakikishia tuko hai, na ikikatika ghafla ndipo alipoanza kutafuta viatu. Harufu ya chuma kilichopata moto, magoti yenye vumbi jekundu, muwa mfukoni wa kutafuna tukipanda tena kilima. Siku nzima iliishia hapo na hatukudai kingine.

Beringi hazikununuliwa. Kulikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika lakini kila mtu aliijua: kitu ambacho fundi ametupa ni cha watoto. Fundi wa baiskeli, wa gari, wa mashine ya kukata nyasi, wote walitupa vyuma vilivyochakaa nyuma ya bega bila kuangalia, na aliyegusa kwanza ndiye mwenyewe. Hata watu wazima waliiheshimu. Sikuwahi kumwona mzazi akimnyang'anya mtoto beringi iliyotupwa.

Basi mwaka ule mama alisikia kwamba shamba moja kubwa la ng'ombe nje ya Nanyuki linauza mashine zake za zamani. Alimuuza punda wetu kwa Mzee Kariuki, jirani, akapanda kwenda huko, akarudi nyuma ya pikapu akiwa ameshikilia pikipiki ya magurudumu manne. Ilikuwa ya kijani, pana na fupi, na kabla ya jua kutua kijiji kilikuwa kimeshaipa jina la Chura. Watu walisema ati Mama Maina ameuza mnyama anayetembea akanunua chuma kisichotembea. Walikuwa karibu kusema kweli. Kahawa mbivu lazima ifike kiwandani siku ile ile ilipochumwa, la sivyo inachacha, na mchumo mkubwa ulikuwa umebakiza siku tano.

Mama alimwita Fundi Gathogo kutoka Skuta karibu na mji wa Nyeri, mtu mwembamba aliyejisifu kwamba sikio lake la kushoto linasikia ugonjwa wa gari likiwa bado Karatina. Alishika gurudumu la mbele la Chura kwa mikono miwili, akalitikisa, likacheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Beringi nne za magurudumu ya mbele, mbili kila upande, zilikuwa zimelika, na bushi, mipira ya viungo vya mikono ya mbele, zilikuwa zimekwisha. Boljointi, vile viungo vya kugeuzia gurudumu, zilikuwa karibu kutoka zenyewe. Shokamzoba za kumeza mishtuko ya barabara zilivuja. Shafti zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele zilikuwa zimechanika mipira ya kuhifadhi grisi, na kila Chura alipokata kona zilipiga ka-ka-ka. Fundi alimweleza mama kwamba ameuziwa injini nzuri yenye miguu ya mbele ya marehemu. Akarudi mjini, akatafuta vipuri, na siku ya tatu akashuka navyo ndani ya gunia, akamfungua Chura mbele yote.

Kosa lililofuata halikuwa la fundi. Mama alikuwa mtu wa kuosha. Mikebe ya maziwa aliiosha mara mbili, na hata jembe halikulala na udongo kwake. Fundi alipoingia jikoni kula githeri, mama aliona vyuma vimetapakaa uani, vipya vikiwa na mafuta na vya zamani vikiwa na tope. Akavitia vyote katika beseni moja la maji moto na sabuni ya unga, akavisugua kwa brashi ya viatu, akavianika juani kwa mpango: vikubwa upande wake, vidogo upande wake.

Fundi alirudi akichokonoa meno, akasimama. Bushi na boljointi hazikumsumbua, maana kilicholika hujionyesha. Lakini beringi nane, nne mpya na nne za zamani, zilikuwa zinang'aa sawasawa kama sahani za Krismasi.

"Mama Maina," alisema, "umeosha mpaka akili yangu."

Hakutaka kushindwa. Alizizungusha moja moja karibu na sikio lile mashuhuri. Bahati mbaya jirani mwingine alikuwa anasaga mahindi, na kinu chake cha dizeli kilipowaka hata ng'ombe hawakusikiana. Fundi alisikiliza, akakunja uso, akachagua nne, akatupa nne nyuma ya bega. Hazikukaa chini. Mbili Maina alizidaka hewani, nami nikalalia zilizobaki, na jioni hiyo zote nne zikawa magurudumu ya mkokoteni wetu.

Siku ya mchumo Chura alibeba magunia mawili nyuma na moja mbele. Mama aliendesha, kitambaa kichwani, na Fundi Gathogo alikaa juu ya magunia akiisikiliza kazi yake. Sisi tulifuata na mkokoteni wetu. Mwendo ulikuwa mzuri mpaka darajani. Hapo gurudumu la kulia la mbele lilianza kunguruma, kisha likalala upande. Fundi aliruka chini, akalishika, akasema beringi moja ni mbovu, kwamba ya saizi hiyo iko Nyeri tu, na kwamba mizani ya kiwandani itafungwa kabla hajafika hata nusu ya safari.

Mzee Kariuki akatokea na punda, punda wetu, na akauliza kwa upole mwingi kama mama angependa kuazimwa. Waliokuwa wakiteka maji walicheka mpaka wakatua mitungi. Mama hakucheka. Alitazama jua, akatazama magunia.

Ndipo sisi tukatokea tukishuka kilima kwa mkokoteni. Fundi aliinua mkono, akatuamuru turudi juu na kushuka tena polepole. Tulishuka. Fundi alitega sikio lake la kushoto barabarani.

"Hiyo ya nyuma, mkono wa kulia," fundi alisema. "Tatu zinalia, hiyo imenyamaza. Hiyo ni mpya. Ni yangu."

Maina, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, hakuinuka. "Fundi, uliitupa."

"Niliitupa kwa makosa."

"Lakini uliitupa."

Watu waligeuka kumtazama mama. Angeweza kuinyakua na kofi juu yake, na hakuna ambaye angemlaumu. Mzee Kariuki ndiye aliyesema, ati kijana ako na haki. Mama alichuchumaa mbele ya mkokoteni.

"Maina, hii kahawa ikilala hapa imeharibika. Na huyu mzee siombi punda. Sema unataka nini."

Maina alifikiri kama hakimu. Alitaka springi za shokamzoba za zamani, na sisi wawili tupande Chura mpaka kiwandani. Mimi nikaongeza kwamba tumpite punda.

Fundi aliibadilisha pale pale barabarani, akiipigilia beringi nzuri kwa kutumia ile mbovu na jiwe la mtoni. Kisha tukapanda kilima, watu wanne na magunia matatu, na punda tukampita. Karani alikuwa ameshavaa koti na kufunika mizani. Alimtazama Chura, akatutazama, akaifunua tena. Wakati wa kurudi mama aliimba wimbo wa kanisani kwa sauti ambayo Jumapili hakuwahi kuitoa.

Siku hizi ukienda Nanyuki utawaona wageni wakikodisha mashine kama hizo, kofia ngumu vichwani, wakizunguka uwanja na kupiga picha. Pale Gakindu lami yetu imejazwa matuta, na chuma chakavu hununuliwa kabla hakijapoa, hivyo hakuna fundi anayetupa kitu nyuma ya bega. Mtoto wa Maina hushindana mbio za magari kwenye simu, na gari lake likivunjika anabonyeza mara moja, linakuwa jipya. Nilimweleza habari za beringi akaniuliza tulikuwa tukizichaji wapi. Simlaumu, ingawa najua hatawahi kunusa chuma kilichopata moto chini yake akacheka.

Chura bado yupo, na mama bado anamwosha. Gurudumu la kulia limefunguliwa mara mbili tangu siku ile. La kushoto halijaguswa, na kuhusu kilichomo tuna ushahidi wa sikio la fundi tu. Mwezi huu Chura ameanza kunguruma mbele. Maina anasema ni kushoto, mama anashikilia ni kulia. Nimemzunguka mara tatu uani nikisikiliza, na sikuweza kusema. Mchumo unaanza wiki ijayo.