Magari Mawili na Mguu wa Kulia

Kwa miaka kumi na tisa nimepima magari ya watu kabla hawajayanunua. Kazi hii sikuisomea. Nilimaliza darasa la saba, nikajifunza umeme wa magari kwa kuyafungua, kisha nikajifunza Kiingereza cha vitabu vya mafundi kwa kamusi, ukurasa mmoja kwa jioni. Watu wa Soweto, mtaa wa Mbeya ninakoishi, wanajua kwamba sitoi maoni kwa kusimama kando ya gari na kulipiga tairi teke. Naliendesha. Na kabla ya kuliendesha navua kiatu cha mguu wa kulia pamoja na soksi.

Hilo la kiatu nilifundishwa na dereva wa lori la mafuta aliyefanya njia ya Zambia. Alisema soli ni mkalimani, na yeye hakutaka breki izungumze naye kupitia mkalimani. Nilicheka, kisha nikajaribu. Tangu hapo kila gari lina ukurasa wake katika daftari langu, na kila ukurasa una safu mbili. Safu ya Mkono ina usukani, vitasa, plastiki ya dashibodi na mishono ya viti. Safu ya Mguu ina pedali.

Miaka minne iliyopita niliambiwa nina kisukari. Mwaka huu, baridi ilipoanza, mke wangu alikuta msumari mfupi wa fundi viatu umetokeza ndani ya kiatu changu. Nilikuwa nimekivaa kutwa nzima, na soksi ilikuwa na damu iliyokauka. Aliniuliza kama sikuumia. Nilimwambia niliumia kidogo. Ukweli ni kwamba sikuhisi kitu.

Usiku ule niliandika kwenye daftari kwamba gari litakalofuata litanipima mimi. Mguu ukinipa tofauti kati ya gari na gari, naendelea na kazi. Usiponipa, naacha kazi na naacha usukani. Niliandika hayo kama mtu anayeandika orodha ya vipuri. Sikuogopa, wala sikuhuzunika. Nilisubiri kidogo nione kama kuna chochote kitakachokuja, hakikuja, nikalala.

Lililofuata halikuwa gari moja, yalikuwa mawili. Mdogo wa mke wangu anaishi Iringa. Ana kitalu cha miche ya parachichi na pikapu ya kuibebea. Alinipigia simu asubuhi.

"Shemeji, safari hii sitaki gari ya kazi. Nataka gari yenye mbio kidogo, inayonisikia nikiigusa."

"Ya kwendea wapi?"

"Kanisani na kurudi. Inakuhusu nini?"

"Kanisani kwenu ni mteremko mtupu. Hata baiskeli ingekufikisha."

"Na hiyo baiskeli ungenipimia umevua kiatu. Nakujua."

Alikuwa ameyaona mawili. La kwanza lilikuwa Mbeya kwa muuzaji ninayefahamiana naye, ni lile fupi, lililokatwa nyuma, ambalo wauzaji huliita hachibeki. La pili lilikuwa palepale Iringa kwa mwalimu mstaafu wa kwaya, ni saluni, yaani lenye buti. Yote mawili yalitoka Japani yakiwa yameshatumika. Injini zilikaribiana ukubwa. Yote yalikuwa na viti vinavyokumbatia mbavu, rimu pana na usukani mnene. Na yote yalikuwa otomatiki, kwa hiyo mguu wa kushoto haukuwa na kazi. Kila kitu kilikuwa juu ya ule wa kulia.

Nilimwachia muuzaji gari langu kama dhamana, nikaliondoa fupi alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala Uyole.

Nilianza na mkono. Sehemu ya juu ya dashibodi ilikuwa laini. Ukiibonyeza kwa kidole gumba inaingia, kisha inarudi polepole. Chini ya hapo, karibu na magoti, walibana matumizi: plastiki ngumu iliyochorwachorwa na funguo. Uzi mwekundu wa viti ulikuwa kamili isipokuwa ubavu wa kulia wa kiti cha dereva, ambapo mtu aliyekuwa akishuka kwa haraka aliusugua miaka mingi. Mlango ulifunga kwa sauti moja, haukuwa na ile ya pili inayokwambia kuna kitu kimelegea. Usukani ulikuwa na habari nyingi. Kokoto ndogo ikipita chini ya tairi la kushoto, kiganja cha kushoto kilijua. Kwenye kona gari liligeuka lote kwa pamoja, kama mtu anayegeuza kichwa na mabega kwa mara moja.

Habari za mguu zilikuwa chache. Kabla ya Makambako nilitazama chini mara tatu kuhakikisha unyayo uko juu ya pedali ipi. Ulikuwa mahali pake kila mara. Karibu na Mafinga nilikaa muda mrefu nyuma ya lori la mbao, nikikanyaga breki na kuachia, na nikaona kiti kinatetemeka kidogo. Niliposimama kupumzika niliandika kwamba lami ya sehemu hiyo ina mawimbi. Kwenye safu ya Mguu niliandika: Breki, tulivu.

Najua nilichokuwa nikifanya. Zaidi ya kilomita mia tatu, barabara kuu, malori mbele na nyuma, vijiji vyenye watoto wa shule, nami natafuta mguu wangu kwa macho. Siandiki hapa kwamba nilijuta njiani. Sikujuta. Nilipunguza mwendo kwenye matuta, nikafika.

"Kamwene," shemeji alinisalimu kwa Kihehe getini, huku akilizunguka gari badala ya kunitazama mimi. "Mbona ni zuri hivi? Umelipima au umelioa?"

"Kwanza tulione lile lingine."

Mwalimu wa kwaya alikuwa amelitunza saluni lake kama kabati la vyombo. Vichwa vya viti vilivishwa vitambaa vyeupe vya kufumwa kwa mkono. Alinitazama nikifungua kamba za kiatu.

"Vua tu," alisema. "Ila mimi hata kanisani naingia na viatu."

Dashibodi yake ilikuwa ngumu juu hadi chini, yenye pambo la mbao bandia, lakini hakuna kilichocheza wala kulia. Fupi lilikuwa na vitu bora. Hili lilikuwa limefungwa vizuri zaidi. Nililishusha mteremko wa kutoka mjini hadi Ipogolo na kulirudisha. Usukani ulikuwa mwepesi na hauna la kusema. Kwenye kona mbele iligeuka, kisha nyuma ikafuata baadaye kidogo, kama tela. Kwa safari ndefu lisingemchosha mtu kama lile jingine, kwa kuwa viti vyake vilikuwa vipana na kelele ya tairi ilibaki nje. Kwenye safu ya Mguu niliandika: Breki, tulivu.

Niliziangalia kurasa zile mbili. Katika miaka kumi na tisa sijawahi kupata magari mawili yenye breki za neno moja. Nilifunga daftari.

"Chukua fupi," nilimwambia shemeji.

"Basi niliendeshe mwenyewe kabla sijaamini maneno ya mtu mwenye mguu mmoja peku."

Akakaa kwenye usukani, mimi kushoto kwake. Tulianza kuteremka kuelekea Ipogolo. Alikuwa dereva mzuri, mwenye haraka kuliko mimi. Kona ya kwanza akacheka peke yake. Ya pili akakanyaga breki, akaacha kucheka.

"Shemeji, hii kitu inatetemeka."

"Ni lami."

"Lami gani? Nakanyaga, inatetemeka. Naachia, inatulia. Nakanyaga tena, ona. Lami imejuaje nimekanyaga saa ngapi?"

"Usukani unatetemeka?"

"Hapana. Ni huku chini tu. Inanifika mpaka gotini."

Nilijua jibu kabla hajamaliza. Diski za breki za mbele zikipinda, usukani hutikisika, na mikono yangu ingejua tangu Uyole. Zikipinda za nyuma, usukani hukaa kimya. Mtetemo huja kwenye pedali, na kidogo kwenye kiti. Ni tatizo dogo. Diski huchongwa na fundi mwenye mashine, hurudi kunyooka. Mtu yeyote aliyewahi kuendesha gari hulisikia, hata akiwa amevaa viatu vya mvua.

"Simama pale chini," nilisema. "Nipe usukani."

Tulibadilishana viti Ipogolo, pembeni ya wauza vitunguu, nikalirudisha gari barabarani sehemu iliyonyooka isiyokuwa na magari. Nilikanyaga breki kwa unyayo mtupu. Gari lilipunguza mwendo. Nikakanyaga tena, kwa nguvu zaidi. Mguu uliniambia kwamba uko juu ya kitu, basi.

Chupa ya maji ya shemeji ilikuwa imesimama kwenye kishikio katikati yetu, nusu yake imenywewa. Niliyatazama maji. Nilipokanyaga, uso wa maji ulikunjamana. Nilipoachia, ukatulia. Nilifanya hivyo mara nne, kwa sababu mara tatu ndicho kipimo changu na nilitaka moja ya ziada. Kisha nikasogea kando ya barabara na kuzima injini.

"Umesikia sasa?" aliuliza.

"Nimeona."

"Nimekuuliza kama umesikia."

"Sisikii."

Lori lilipita, gari letu likayumba kidogo.

"Tangu lini?"

"Tangu baridi ianze. Labda kabla."

"Dada anajua?"

"Anajua habari ya msumari."

"Msumari gani tena?"

Nilimweleza habari ya msumari, na sentensi niliyoiandika kwenye daftari. Alisikiliza akitazama mbele.

"Kwa hiyo umetoka Mbeya mpaka hapa, matuta yote yale, malori yote yale, na mguu wa kuazima."

"Ndiyo."

"Halafu ukaniandikia tulivu. Mara mbili."

"Ndiyo."

"Usingekuwa shemeji yangu ningekuzaba kibao." Alinyoosha mkono, akachomoa ufunguo. "Toka hapo. Pita upande huu."

Nilishuka na kulizunguka gari kwa mbele, mguu mmoja una kiatu na mwingine peku, juu ya kokoto zilizopigwa na jua tangu asubuhi. Nilijaribu kujua kama ni za moto. Muuza vitunguu mwingine wa pembeni hapo alinitazama mguu, akatazama kando.

Shemeji hakunirudisha nyumbani. Alinipeleka moja kwa moja kwa mwalimu wa kwaya, akaliomba saluni tena, akalishusha mteremko uleule mimi nikiwa kushoto na daftari gotini. Nilimuuliza maswali yangu yote ya safu ya Mguu kwa mpangilio, ambayo kwa kawaida huwa najiuliza mwenyewe.

"Breki inaanza kushika mapema au imechelewa?"

"Imechelewa. Kama kukanyaga godoro lililolowa. Unakanyaga, unangoja."

"Inashika sawasawa?"

"Inashika. Haina tabu. Haina raha pia."

"Pedali ya mafuta?"

"Nzito mwanzoni, halafu inakubali yote kwa pamoja. Lile fupi lilikuwa linanifuata kidogo kidogo. Andika hivyohivyo, usinitengenezee Kiswahili."

Niliandika hivyohivyo. Yalikuwa maelezo mazuri kuliko mengi niliyowahi kuandika. Kwenye ukurasa wa gari fupi nilikata neno tulivu kwa mstari mmoja, ili lisomeke, na juu yake nikaandika: Inatetemeka hadi gotini, diski za nyuma.

"Nachukua fupi," alisema tulipofika juu. "Hizo diski zichongwe kwanza. Mbeya nitakupeleka mwenyewe kesho, nikamwone dada. Yeye ndiye atakayelifuata gari lako kwa huyo muuzaji. Au una neno?"

"Sina."

"Utamwambia wewe au nimwambie mimi?"

"Mimi."

Alizima gari. Kupitia kioo nilimwona mwalimu wa kwaya anakuja na chai. Leseni yangu ilikuwa kwenye mfuko wa shati, na muda wake wa kuisha bado ulikuwa mbali. Niliitoa nikaiweka katikati ya daftari, penye zile kurasa mbili, kisha nikalifunga.

Nilichukua soksi, nikaivaa. Kliniki walikuwa wameniambia kila mara nikague kiatu kwa mkono kabla ya kuingiza mguu, na kwa miaka minne sikuwa nimefanya hivyo hata siku moja, kwa kuwa mguu wenyewe ulikuwa kipimo changu. Nilitia mkono ndani ya kiatu. Nikapitisha vidole kutoka kisigino hadi ncha, polepole, kama ninavyopima mshono wa kiti. Palikuwa na kokoto moja, ndogo kama punje ya mtama. Niliitoa, nikaitupa nje ya dirisha, nikavaa.